Kujitetea kwa kosa la ulevi barabarani: mpaka wake uko wapi?

 Leo tumeiweka kando mada ya haki za jirani tuliyokusudia kuiendeleza, kwa sababu limetufikia jambo ambalo tunaona si la nyumba moja tu.

Baba mmoja wa hapa Mombasa alitujia baada ya sala ya Isha. Mwanawe, kijana aliyekhitimu madrasa na ambaye baba hakuwa na habari kwamba anakunywa, alikamatwa usiku wa kuamkia Jumapili katika barabara ya Malindi. Gari lake lilikuwa limemgonga kijana wa bodaboda na kumvunja mguu. Askari wa trafiki walisema alinuka pombe na maneno yake yalikuwa yakivutana. Akalala korokoroni, akafikishwa mahakamani, akatolewa kwa dhamana.

Mzee yule hakuja kutuuliza kama pombe ni haramu. Hilo alilijua tangu utotoni. Alikuja na swali zito zaidi. Jamaa walikuwa wamekaa kikao na kutoa mashauri mawili. La kwanza, wakili amepata mianya katika ushahidi wa polisi na anatarajia kesi itaanguka. La pili, binamu wa kijana, ambaye usiku ule alikuwa ameketi kiti cha pembeni na hajapata kuonja pombe, asimame kizimbani aseme kwamba yeye ndiye aliyekuwa ameshika usukani. "Sheikh," alituuliza, "lipi kati ya haya ni halali? Au yote ni haramu, nimwache mwanangu aende jela?"

Usiku ule tulimjibu kwa ufupi. Leo tunataka kulijibu swali hili kwa urefu, kwa kuwa tumegundua kwamba watu wetu wamegawanyika pande mbili, na kila upande umekosea. Wako wanaodhani kwamba Muislamu anayemtetea mshtakiwa wa ulevi anautetea ulevi wenyewe. Na wako wanaodhani kwamba maadamu uko mahakamani, kila kinachokutoa ni halali.

Tuanze na sheria ya nchi, maana wengi huihukumu bila ya kuijua. Kifungu cha 44 cha Sheria ya Trafiki ya Kenya, Sura ya 403, sheria iliyoanza kutumika mwaka 1954, kinamtia hatiani mtu anayeendesha gari, au anayejaribu kuliendesha, au aliye na gari mikononi mwake barabarani, hali ya kuwa ameathiriwa na kileo au dawa kwa kiasi cha kushindwa kulimudu gari hilo sawasawa. Msomaji ayatazame vizuri maneno hayo ya mwisho. Kunywa peke yake hakutoshi kulitimiza kosa hilo. Upande wa mashtaka unatakiwa uthibitishe mambo mawili, kwamba kileo au dawa ilikuwamo mwilini na kwamba ilimfanya dereva asiweze kulimudu gari.

Maneno hayo asili yake ni Uingereza, katika sheria yao ya barabara ya mwaka 1930. Waingereza wenyewe waliona taabu ya kuthibitisha kushindwa huko, na mwaka 1967 wakaongeza kosa la pili lililo jepesi kuthibitishwa, la mtu kuwa na zaidi ya miligramu 80 za kileo katika kila mililita 100 za damu, awe anapepesuka au hapepesuki. Huku kwetu kipimo kilijaribiwa kuletwa kwa njia ya kanuni zilizotungwa mwaka 2011, na mwezi wa Disemba 2013 vifaa vya kupulizia, ambavyo watu walivizoea kwa jina la Alcoblow, vikaonekana barabarani. Mwaka 2017 Mahakama ya Rufaa ikasema kwamba kanuni ile imejiundia kosa la kuzidisha kipimo, kosa ambalo halimo katika kifungu cha 44, na kanuni haiwezi kuipita sheria mama iliyoizaa. Siku ile tuliwasikia vijana wakishangilia kana kwamba pombe imehalalishwa barabarani. Mahakama haikusema hivyo. Kosa lilibaki palepale lilipokuwa tangu zamani. Kilichoondoka ni njia ya mkato ya kulithibitisha.

Sasa mianya ya wakili ni ipi? Katika kesi za namna hii huwa ni ileile, na si yote ya hila. Wakili huuliza kama dereva alipimwa na daktari au askari alitegemea pua yake. Huuliza kama kifaa kilikaguliwa na kusawazishwa. Huuliza muda uliopita, kwa sababu kileo kilichobaki kinywani, hata cha dawa ya kusukutulia meno, humfanya mtu aonekane amekunywa asichokunywa, na kwa hiyo wapimaji waangalifu husubiri kama dakika 15 kabla ya kumpuliza mtu. Huuliza pia juu ya maradhi. Na hapa tunawaomba wenye wazee nyumbani wasikilize. Mwenye kisukari ambaye sukari yake imeshuka huchanganyikiwa, hutoka jasho, hupepesuka na huweza kuwa mkali. Na ambaye sukari yake imepanda kupita kiasi, pumzi yake hutoa harufu kama ya matunda yaliyoiva mno. Mzee wa namna hiyo anayejilazimisha kufunga Ramadhani na kuendesha gari magharibi inapokaribia, akisimamishwa na askari asiyejua, atalala kituoni na walevi, na huenda asiamke. Je, kuna Muislamu atakayesema kwamba ni dhambi kumtafutia huyu wakili?

Kuhusu dawa, jambo lina pande mbili. Kifaa cha pumzi hupima kileo tu. Hakioni bangi, hakioni unga, hakioni vidonge. Baadhi ya vijana wetu wamelijua hilo na wanalitumia, wakisahau kwamba kifungu cha 44 kimetaja dawa pamoja na kileo, na kwamba Mtume (S.A.W.) ameeleza kuwa kila kinacholevya ni khamri, kiwe kimeminywa kutoka kwenye zabibu au kimefungwa kwenye karatasi. Upande wa pili ni dawa za hospitali. Zipo dawa za mafua, za mzio na za maumivu ambazo huleta usingizi mzito. Aliyezinywa bila ya kujua, au aliyetiliwa kitu katika soda yake na mtu mwovu, ana hoja. Kanuni ya Adhabu, Sura ya 63, kifungu cha 13, inasema kwamba ulevi si utetezi, lakini inamvua yule asiyejua alitendalo kwa sababu alileweshwa bila ya ridhaa yake kwa ubaya au uzembe wa mwingine. Ama aliyesoma kwenye pakiti kwamba asiendeshe gari, kisha akaendesha, huyo hoja yake ni dhaifu kwa hakimu na kwa mafaqihi vilevile. (Watafunaji wa miraa wanaodai kwamba yao huwafanya wawe macho usiku, tutakuwa nao siku nyingine inshallah. Kwa leo wajue tu kwamba Imam Ibn Hajar al-Haytami aliandika risala mahususi juu ya miraa katika karne ya 16, kwa hivyo suala lao si geni kwa wanazuoni.)

Tuje katika sheria yetu ya Kiislamu, maana hapa ndipo wengi wa wasomaji watakapostaajabu. Haya maswali ya wakili kuhusu harufu na pumzi, wanazuoni wetu waliyauliza kabla ya gari kuwepo.

Imepokewa katika Sahih Muslim kwamba Maiz (R.A.) alipomjia Mtume (S.A.W.) kukiri zinaa, Mtume aliuliza kama mtu huyu ni mwendawazimu, kisha akauliza kama amekunywa pombe. Mtu mmoja akasimama akamnusa kinywa, na hakukuta harufu. Mtume aliutafuta kwanza uwezekano wa kwamba maneno ya mtu huyu hayana hukumu. Na imepokewa kwamba Abdullah bin Masud (R.A.) alipokuwa Hims alisoma Surat Yusuf, mtu mmoja akambishia kwamba haikuteremshwa hivyo, alipomkaribia akasikia harufu ya pombe kinywani mwake, akamsimamishia adhabu. Kisha iko kesi kubwa ya Walid bin Uqba, gavana wa Kufa, aliyewasalisha watu alfajiri rakaa mbili kisha akawauliza kama wanataka awaongezee. Aliletwa mbele ya Khalifa Uthman (R.A.). Shahidi mmoja alisema alimwona akinywa, na mwingine alisema alimwona akitapika. Uthman akaona kwamba asingeitapika kama hakuinywa, na adhabu ikatekelezwa, Abdullah bin Jafar akipiga na Sayyidna Ali (R.A.) akihesabu hadi 40.

Kutokana na habari hizo mafaqihi wakahitilafiana. Imam Malik aliikubali harufu kuwa ni ushahidi. Lakini madhehebu yetu ya Kishafi, ambayo ndiyo ya watu wa mwambao huu, hayakuridhika nayo. Imam Nawawi, katika kitabu cha Minhaj ambacho wengi wetu tumekisoma Lamu na Mombasa tukiwa vijana, ameeleza kwamba mtu huadhibiwa kwa kukiri kwake mwenyewe au kwa ushahidi wa wanaume wawili, wala haadhibiwi kwa harufu, wala kwa hali ya kulewa, wala kwa matapishi. Sababu yake ni kwamba huenda alilazimishwa, au alidhani ni kinywaji kingine. Imam Nawawi alifariki mwaka 1277, na hoja yake ndiyo ileile anayoitoa wakili katika mahakama ya Mombasa au ya Malindi leo.

Basi Muislamu asione haya kumwekea mwanawe wakili. Uwakala katika mashitaka umeruhusiwa, Sayyidna Ali (R.A.) alikuwa akimtuma ndugu yake Aqil amsimamie katika kesi, na Aqil alipokuwa mzee akamtuma Abdullah bin Jafar, yuleyule tuliyemtaja hapo juu. Kumwuliza askari kama alipima, lini, na kwa kifaa gani, ni kuutafuta ukweli. Askari aliyefanya kazi yake vizuri hapungukiwi na kitu kwa kuulizwa. Na aliyewakusanya watu barabarani ili apate kitu kidogo, kisha akampeleka mahakamani yule asiyetoa, huyo maswali yanamstahiki.

Lakini ikiwa kijana mwenyewe anajua kwamba alikunywa, afanye nini hakimu anapomsomea shitaka? Hili lilitushughulisha zaidi ya yote. Katika Kiingereza kuna maneno ya kimahakama ambayo maana yake ni kuutaka upande wa mashtaka uthibitishe. Huku kwetu mshtakiwa huulizwa kwa Kiswahili, naye hujibu "ni kweli" au "si kweli". Mawakili wametuambia kwamba "si kweli" hiyo ni msemo wa mahakama tu. Huenda iwe hivyo kwa mwanasheria. Sisi hatuna ushujaa wa kumwambia kijana wa Kiislamu asimame mbele ya watu atamke "si kweli" juu ya jambo analojua ni kweli, kisha tumwambie hilo si neno bali ni msemo.

Njia ya salama ipo, na sheria yenyewe imeiweka. Ibara ya 50 ya Katiba ya mwaka 2010 inampa mshtakiwa haki ya kudhaniwa kuwa hana hatia hadi ithibitishwe vinginevyo, haki ya kunyamaza, na haki ya kukataa kutoa ushahidi wa kujitia hatiani. Ibara ya 49 inampa aliyekamatwa haki ya kutolazimishwa kukiri. Na kifungu cha 207 cha sheria ya mwenendo wa kesi za jinai kinaeleza kwamba mshtakiwa akikataa kujibu shitaka, mahakama itaamuru iandikwe kuwa amekana. Basi anyamaze. Kunyamaza kwake hakumo katika uongo. Na katika dini yetu aliyesitiriwa na Mola wake hakulazimishwa kujifichua, Maiz mwenyewe Mtume (S.A.W.) alimgeuzia uso mara kwa mara na kumwambia arejee akatubu. Akinyamaza mbele ya hakimu, toba kati yake na Mola wake iko pale pale na haisubiri tarehe ya kesi. Hivi ndivyo tunavyoona, Wallahu aalam.

Shauri la pili la jamaa halikutuchukua muda. Katika Surat An-Nisaa, kuanzia aya ya 105, Mwenyezi Mungu (S.W.) anamkataza Mtume wake asiwe mtetezi wa wahaini, na wafasiri wametaja sababu ya kuteremka kwake. Mtu wa ukoo wa Ubayriq, katika watu wa Madina wanaojihesabu Waislamu, aliiba deraya, kisha lawama ikageuziwa Myahudi mmoja asiye na kosa. Ukoo wake ukamwendea Mtume (S.A.W.) kumtetea jamaa yao kwa maneno matamu. Wahyi ukateremka kumtakasa yule Myahudi na kuufedhehesha ukoo. Tunawaomba jamaa wa kijana wetu wazisome aya zile hadi ya 113 na waone kama hawajioni humo. Tofauti iliyopo ni kwamba binamu amejitolea mwenyewe; lakini kujitolea hakuugeuzi ushahidi wa uongo ukawa wa kweli. Mtume (S.A.W.) alipoyataja madhambi makubwa alikuwa ameegemea, na alipofika kwenye ushahidi wa uongo akaketi sawasawa na kukariri hadi masahaba wakatamani anyamaze. Na katika sheria ya nchi ni kosa la jinai pia, kwa hiyo mzee angekuwa na vijana wawili mahakamani badala ya mmoja.

Kuhusu kumpa askari pesa ili faili lipotee, au tabibu ili karatasi iandikwe vingine, Surat Al-Baqara aya ya 188 imelizungumza hilo waziwazi, na hatuoni haja ya kurefusha.

Kilichotuhuzunisha katika kikao kile kizima ni kwamba kijana wa bodaboda hakutajwa isipokuwa kama shahidi wa upande wa pili. Jamaa walikuwa wamefanya harambee ya wakili, na pesa zilipatikana kwa usiku mmoja. Tuliuliza mguu ule umevunjika wapi, kama ni juu au chini ya goti. Hakuna aliyejua.

Hapa ndipo kosa kubwa linapofanywa na wale wanaozitumia hoja za mafaqihi nusu nusu. Shaka huiondoa adhabu, kwa sababu adhabu ya ulevi ni haki ya Mwenyezi Mungu, naye ni Mwingi wa kusamehe. Shaka haiiondoi haki ya mja. Wanazuoni wa Kihanafi wameutolea jambo hili mfano wa mtu aliyelala usingizi akajigeuza, akamwangukia mwenzake na kumuua. Aliyelala hana dhambi ya kukusudia, hana akili wakati ule, lakini diya iko palepale. Ikiwa aliyelala kitandani kwake atadaiwa, vipi aliyelewa katika barabara ya watu? Na diya ya kuua kwa makosa hubebwa na jamaa wa upande wa baba, hulipwa kwa muda wa miaka 3, kwa hikma ya kwamba ukoo ulionyamazia mwenendo wa kijana wao ubebe sehemu ya mzigo. Huo ndio ulikuwa mchango uliotakiwa kukusanywa usiku ule kabla ya ule wa wakili.

Sheria ya nchi nayo imekwenda njia hiyo. Kijana akiachiliwa katika kesi ya jinai kwa sababu shitaka halikuthibitishwa pasipo shaka, aliyeumizwa bado anaweza kudai fidia katika mahakama ya madai, ambako kipimo cha ushahidi ni chepesi zaidi, na bima ya gari imewekwa kwa lazima kwa ajili ya watu kama yeye. Lakini bima huchukua miaka, na mwenye bodaboda hula kile alichokipata jana. Wala asidhani aliyeshinda kwa ufasaha wa wakili wake kwamba amemaliza. Katika hadithi ya Ummu Salama (R.A.), Mtume (S.A.W.) ameeleza kwamba yeye ni binadamu, huhukumu kwa anayoyasikia, na huenda mmoja akawa fasaha kuliko mwenzake, atakayepewa haki ya nduguye kwa njia hiyo amekatiwa kipande cha moto. Ikiwa hukumu ya Mtume haimhalalishii mtu haki ya mwenziwe, hakimu wa Mombasa ataihalalisha vipi?

Mzee alilikataa shauri la pili mbele ya jamaa wote, na binamu akashukuru; inaonekana hakujitolea kwa moyo wake kama tulivyoambiwa. Kijana aliposomewa shitaka alinyamaza, na ikaandikwa amekana. Wakili anaendelea na maswali yake kwa askari. Sehemu ya mchango imepelekwa hospitalini, na sasa wanajua kwamba mguu ulivunjika chini ya goti na umetiwa vyuma. Mama wa yule wa bodaboda ametuma neno kwamba fedha amezipokea, ila anataka aliyemgonga mwanawe aje mwenyewe, wamwone uso. Wakili anahofia kwamba ziara hiyo itahesabiwa kuwa ni kumshawishi shahidi wakati kesi haijaisha, na hofu yake ina msingi. Tumemshauri mzee ombi hilo lipelekwe kwa hakimu waziwazi, kwa kuwa Ibara ya 159 ya Katiba inazitaka mahakama zihimize upatanisho. Kijana mwenyewe, tunaambiwa, anasema afadhali jela kuliko kumtazama mama yule. Kesi itatajwa tena mwezi ujao.